Vibendera vya Tanga viko kwa watu

"Cha Coastal nikitoe wapi?" mzee akaniuliza, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Mwanangu, sisi tulikuwa tunatoa. Hivi unavyoviona ndivyo tulivyopewa."

Tulikuwa sebuleni kwake, Chumbageni. Mzee alipuliza filimbi miaka mingi, ligi za hapa na mechi chache za kimataifa, na ukuta unaotazamana na dirisha ameujaza vibendera: vile vitambaa vya pembetatu vyenye nembo ya klabu ambavyo manahodha hukabidhiana katikati ya uwanja kabla mpira haujaanza, na mwamuzi naye mara nyingine hupata chake. Kipo cha Gor Mahia. Vipo vya Uganda na Zambia. Kipo kimoja chenye maandishi ya Kiarabu ambacho hata mwenyewe hakumbuki kama kilitoka Misri au Sudan.

Mimi nilikuwa nimefuata kimoja tu. Nilitaka kukiona cha Coastal Union, klabu yetu ya mpira hapa Tanga, cha zamani, na kama Mungu angejalia basi cha miaka ile ya ubingwa. Nikatoka na picha za Gor Mahia.

Jibu la mzee ni rahisi, halina makuu ndani yake. Lakini wiki kadhaa sasa, kila nikipita uwanja wa Mkwakwani, linanirudia.

Sisi tulikuwa tunatoa.

Kitu chenyewe

Kabla sijaaga alinishushia kile cha Gor Mahia nikishike. Nakieleza kidogo, maana wengi tumeviona kwenye televisheni tu, sekunde mbili, mkono kwa mkono, halafu kamera inahamia kwa makocha.

Ni satini ya kijani, imeshonewa bitana nyeupe kwa nyuma. Nembo imechapwa, haikudariziwa. Ukipitisha ukucha juu yake unausikia wino umekaa juu ya kitambaa, una kimo chake. Pembeni kote kuna matamvua ya rangi ya dhahabu, ila upande uliokuwa ukipigwa na jua la dirishani umekuwa rangi ya kahawa. Juu kuna kijiti cha plastiki kilichopitishwa kwenye upindo, na vifuniko vyake viwili vimeliwa na kutu. Hewa ya bahari haina urafiki na chuma, hilo kila mwenye baiskeli Tanga analijua. Kamba ya kuning'inizia siyo iliyokuja nayo. Ile ilikatika, mzee akafunga kipande cha kamba ya katani. Kibendera cha Nairobi kinaning'inia kwa mkonge wa Tanga, na nadhani hakuna makumbusho duniani ambayo yangekubali marekebisho hayo. Mimi nimeyapenda.

Nyuma, kwenye bitana, kuna mwandiko wa kalamu ya bluu: jina la mji, tarehe, matokeo. Tarehe imeliwa na unyevu. Matokeo yanasomeka vizuri kabisa, ni sare, na mzee alianza kunieleza penalti fulani aliyoikataa siku hiyo. Hakumaliza mpaka chai ikapoa.

Kinakokwenda

Fikiria safari yake. Klabu inashonesha vibendera vichache, kwa sababu hela ni za mchango na kuna nauli ya kulipwa. Vinasafiri na timu. Nahodha anatoa kimoja, anapokea kimoja. Anachopokea anampa meneja, meneja anakitia kwenye begi la mipira. Timu ikirudi nyumbani, begi linakwenda ofisini, na ofisi za klabu zetu mnazijua: chumba cha kupanga, kabati moja, meza, picha ya timu ukutani. Uongozi ukibadilika, ofisi nayo inahama. Katibu wa zamani anabaki na funguo za kabati, au na kabati lenyewe. Akifariki, watoto wanagawana vitu vya maana, na kibendera cha satini hakimo katika vitu vya maana.

Hivyo ndivyo vinavyopotea vile tulivyopewa. Vyetu wenyewe havikuhitaji hata kupotea. Viliondoka siku ileile, kwa heshima zote, kabla ya filimbi ya kwanza.

Maana yake mtu akitaka kukusanya vibendera vya Coastal Union, iliyoanzishwa mwaka 1948, au vya African Sports, ambayo ni kongwe zaidi, ya mwaka 1936, basi Tanga ndiyo mahali pa mwisho pa kutafuta. Aanze Mombasa. Aende Unguja na Pemba. Aulize kwa waamuzi wastaafu wa Kampala. Huku kwetu atakuta vya watu.

Klabu kubwa za Ulaya zina utaratibu mzuri kidogo: kwa mechi za mashindano makubwa wanadarizi kwenye kibendera majina ya timu zote mbili, tarehe na mashindano yenyewe. Hata kikitupwa jalalani, atakayekiokota anajua kilitoka mechi gani. Vyetu vilibeba nembo na jina la mji, basi. Asiyeandika kwa kalamu nyuma yake, amekiacha bubu.

Cha Montreal

Nilianza kupenda vitu hivi kwa njia ya ajabu kidogo, kupitia mitumba ya Ngamiani. Belo lilikuwa la kofia na skafu, limetoka Kanada. Chini ya rundo kulikuwa na pembetatu ndefu ya felti, ile sufu inayoshindiliwa bila kufumwa, bluu, urefu wa kama sentimita 75, imeandikwa Expos, na pembeni ina nembo ya M ya rangi tatu. Muuzaji alidhani ni kofia ya mtoto iliyofumuka. Aliniuzia kwa bei ya soksi, na akaniangalia kwa huruma.

Montreal Expos ilikuwa timu ya besiboli iliyoanza kucheza mwaka 1969. Baada ya msimu wa 2004 ilihamishiwa Washington na kupewa jina jingine, kwa hiyo haipo tena. Mwaka 1994 ilikuwa na rekodi nzuri kuliko timu zote za ligi kuu ya huko, imeshinda 74 na kupoteza 40, halafu tarehe 12 Agosti wachezaji wa ligi nzima wakagoma. Msimu haukumalizika. Fainali haikuchezwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1904. Timu bora ya mwaka ikarudi nyumbani bila kutolewa na timu yoyote.

Nilipoanza kusoma habari za vibendera hivi nikagundua ni ukoo mwingine kabisa na vile vya mzee. Marekani vilianzia vyuo vikuu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20. Herufi zilikatwa kwa felti na kushonewa moja moja, baadaye ndipo zikaanza kuchapwa. Timu za besiboli na za ule mpira wao wa Kimarekani zikafuata. Na hivyo haviletwi kumpa mpinzani. Vinauzwa getini. Baba anamnunulia mtoto, mtoto anakwenda kukipigilia ukutani chumbani kwake, ndiyo maana vile vya zamani karibu vyote vina vitundu vya pini kwenye pembe.

Wakusanyaji wa kule wanavisoma umri kwa vitu vidogo. Sufu au nyuzi za kiwandani. Wino au mshono. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni jina la mji, kwa sababu timu zao zinahama. Dodgers walichukua ubingwa mwaka 1955 wakiwa Brooklyn, na baada ya msimu wa 1957 wakahamia Los Angeles. Braves walikuwa Boston mpaka wakaenda Milwaukee mwaka 1953, kisha Atlanta mwaka 1966. Ukisoma mji tu, kama kitu chenyewe si cha kuigiza, umeshapata miaka yake bila kumuuliza mtu.

Nondo wa Tanga nao wanakipenda cha Montreal. Nimekiwekea karafuu za Pemba, kinanukia kama pilau.

Sasa weka hivi viwili pamoja, maana hapa ndipo penye mzigo ulionielemea. Timu ya Montreal imekufa, na vibendera vyake vimejaa majumbani mwa watu wa Montreal, mpaka vingine vinamwagikia kwenye mabelo na kufika Ngamiani. Coastal ipo hai, inacheza, inatupandisha presha kila wiki, na sijaona kibendera chake kimoja cha zamani katika mji huu.

Tofauti imetokana na nani alikabidhiwa. Kule alikabidhiwa shabiki. Huku alikabidhiwa mgeni.

Nimejaribu kuuona huu kuwa ni uzembe wetu, nimeshindwa. Kumpa mgeni kitu chako kizuri na wewe ukabaki mikono mitupu, hayo ni malezi ya pwani. Lakini pia nimeshindwa kufurahi.

Chai ya rangi

Habari kwamba kuna mtu anatafuta vibendera, tena yuko tayari kununua, zilizunguka. Jioni moja akaja kijana ambaye namfahamu kwa sura. Anachapa fulana na mabango ya harusi huko Ngamiani. Amekuja na kitu amekifunga kwenye gazeti, anakifungua taratibu.

Satini nyekundu na nyeupe. Coastal Union, Tanga. Chini yake: MABINGWA 1988.

Nakiri moyo uliruka. Ubingwa ule wa ligi ni wa kweli, wala sina haja ya kuwasimulia wenye umri wangu. Na kitambaa kilikuwa na rangi ileile ya uzee, ile ya karatasi za vitabu vya chuoni.

Nilikuwa na taa ndogo ya zambarau, ya kukagulia noti, niliyoazima kwa dada wa kibanda cha M-Pesa. Wakusanyaji wanaitumia kwa sababu tangu miaka ya 1950 viwanda vimezoea kutia kwenye nyuzi na vitambaa vyeupe dawa inayovifanya vionekane vyeupe zaidi, na dawa hiyo inawaka chini ya taa hiyo. Kitu kinachodaiwa kuwa cha 1930 kikiwaka kama taa ya disko, mwenye kukiuza ana maswali ya kujibu. Tatizo ni kwamba 1988 dawa ilishakuwapo kila mahali. Sabuni zetu za unga nazo zinayo. Kikiwaka, hakijasema lolote.

Kiliwaka. Hata cha mzee kingewaka.

Nikarudi kwenye ukucha. Nikapitisha juu ya nembo, nikarudia. Hakuna kimo. Rangi imeingia ndani ya nyuzi, laini kabisa, kama zinavyofanya mashine za sasa za kuchapa jezi. Kingo zimekatwa kwa moto zisichanike. Nikakileta puani.

"Umekichovya chai," nikamwambia.

Hakubisha. "Ya rangi, kaka. Ya maziwa ingeacha mafuta."

Nilicheka, na yeye akacheka, na kwa muda pale hapakuwa na ugomvi wowote. Akanieleza yote: alipotoa nembo, alivyoipunguza ukali kwenye kompyuta, alivyokianika juani siku mbili upande mmoja tu ili kipauke bila usawa. Kazi ya mtu makini. Na hapo ndipo aliponitajia kwamba yeye mwenyewe ni African Sports damu, kwa baba na kwa babu. Coastal ameitengenezea kwa sababu ndiyo itakayouzika.

Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake.

"Sasa kaka, kama cha kweli hakipo, watoto waone nini?"

Swali la fundi

Alikuwa amegusa penyewe. Mtoto wa Ngamiani aliyezaliwa mwaka 2016 amezaliwa mwaka ambao timu zetu tatu, Coastal, Sports na Mgambo, zilishuka daraja kwa pamoja. Ubingwa wa 1988 kwake ni hadithi ya mjomba, tena mjomba mwenye chumvi nyingi. Hana kitu cha kushika. Mtoto wa Montreal ambaye timu yake haipo ana felti ya babu yake.

Nimekaa na swali hilo kwa muda, na kilichonisaidia kidogo ni kisa cha Philadelphia. Mwaka 1964 Phillies, timu ya besiboli ya huko, waliongoza ligi yao kwa tofauti nono zikiwa zimebaki mechi 12. Kila mtu alijua wanakwenda fainali, tiketi za fainali zikachapwa kabisa. Wakapoteza mechi 10 mfululizo. Waliokwenda ni St. Louis. Tiketi zile zipo mpaka leo na wakusanyaji wanazitafuta: tiketi halali, zilizochapwa na klabu yenyewe, za mechi ambazo hazikuchezwa. (Wana Simba waliokuwa Dar es Salaam mwaka 1993, siku walipofungwa fainali na Stella Abidjan, hawahitaji kuelezwa zaidi.)

Tiketi ya Philadelphia ni kitu cha kweli kinachosema uongo. Kibendera cha kijana wangu ni cha uongo kinachosema kweli. Bora kipi?

Siku za kwanza nilielemea upande wa kijana. Nilijiambia uzito uko kwenye ubingwa, kitambaa ni kitambaa tu. Wana Coastal wachache niliowaonyesha picha walifurahi, mmoja akataka cha ofisini kwake, na aliposikia habari ya chai hakujali hata kidogo. "Mgosi, kwani hatukuchukua? Tulichukua. Basi."

Kilichonirudisha nyuma ni kufikiria miaka 40 ijayo. Mimi sipo, fundi ni mzee, yule bwana wa ofisini amestaafu. Kibendera kimebaki kwa mjukuu asiyejua lolote. Atakishika, ataona kimepauka, atasema hiki kilishikwa na nahodha wetu mwaka 1988. Siku hiyohiyo huenda cha kweli kitatokea kwenye kabati la mtu Mombasa, chenye nembo tofauti kidogo, herufi tofauti kidogo. Na ni cha kweli kitakachoitwa feki, kwa sababu cha uongo kimekaa Tanga siku nyingi zaidi na kina mashahidi.

Hilo ndilo lililonikalia vibaya. Chai inaharibu mapokezi ya cha kweli kabla hakijafika.

Nikarudi kwa fundi na pendekezo. Ashone kipya, kizuri kuliko vyote, kiseme 1988 kwa herufi kubwa kama anavyotaka. Lakini kwenye ncha ya chini kiandikwe kimeshonwa Ngamiani, na mwaka kilioshonwa, na kiandikwe ndani ya mchoro wenyewe. Karatasi ya kubandika nyuma hudondoka. Alilalamika kwamba inaharibu muundo, na kusema kweli inauharibu. Tulivutana mpaka tukakubaliana herufi ziwe ndogo, nyeupe juu ya nyekundu. Bei yake ilikuwa ya kukomoa. Nililipa.

Kimening'inia juu ya meza ninayoandikia. Kinang'aa mno. Sijakizoea.

Sivitaki, nionyesheni tu

Kwa hiyo tangazo langu limebadilika, na naomba mlisambaze hivi lilivyo: sinunui tena. Nikinunua nitaletewa chai. Na kama kipo kibendera cha Tanga kwenye sebule ya mtu Likoni, au Mkunazini, au Maputo, nani kasema mimi nina haki nacho zaidi yake? Alipewa. Kimekaa kwake maisha yote. Akae nacho.

Ninachoomba ni picha. Kibandue ukutani kwa dakika tano, kilaze mezani kwenye mwanga wa kawaida bila flashi, weka rula pembeni. Piga mbele. Piga nyuma, hata kama unadhani hakuna kitu, maana wino wa kalamu ukififia simu huuona kuliko jicho. Piga karibu pale nembo ilipo, tujue imechapwa au imedariziwa. Kisha niandikie alikipata nani, akiwa nani: mchezaji, mwamuzi, daktari wa timu, mtoto wa kuokota mipira. Hayo tu. Wala usikifue, tafadhali.

Picha ya kwanza imeshafika, kutoka Mombasa, imepigwa usiku na nusu yake ni kivuli cha mpigaji. Kitambaa kimekunjamana, tamvua la upande mmoja halipo. Lakini jina linasomeka.

African Sports.

Nilimpelekea fundi akaione kwenye simu. Aliikuza, akaipunguza, akaikuza tena pale penye nembo, mteja wa bango la harusi amesimama anasubiri. Kisha akaniomba nimtumie yule wa Mombasa ujumbe: apige nyingine mchana, na aweke rula. Cha kwao amesema atakishona bure, tena huo mwaka wa kushonwa atauandika mkubwa.